Nani abebe gharama ya tope la alumini?

Katika shule zetu za upili pana mchoro mmoja wa kemia ambao umechorwa na kuchorwa tena kwa miaka na mikaka. Upande mmoja huingia bauksaiti, yaani mawe na udongo wenye madini ya alumini. Upande wa pili hutoka alumini safi ikiwa imeyeyuka. Baina ya pande hizo mbili pana matangi, mabomba na mishale. Mmoja wa mishale hiyo huchomoza kwenye chujio, ukaelekea pambizoni mwa ukurasa, na mbele yake huandikwa maneno mawili tu: tope jekundu. Hapo mshale hukatika. Mtahini hutoa alama yake, mwanafunzi hufunga daftari, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza tope hilo huelekea wapi likishatoka ukurasani.

Katika makala haya nakusudia kuufuata mshale huo. Nafanya hivyo kwa kuwa nimeshawishika kwamba mstari unaotenga taka na mali haukuchorwa na kemia. Maarifa ya kutoa chuma, malighafi ya saruji na hata chumvi katika mabaki ya viwanda vya alumini yamekuwapo kwa miaka mingi. Kinachoamua iwapo mabaki hayo yatatupwa au yatatumika ni swali jepesi ambalo hata muuza mboga sokoni hulielewa: anayetupa hulipa kiasi gani, na ikiwa yeye halipi, ni nani alipaye kwa niaba yake?

Tuanze na asili ya tope lenyewe. Carl Josef Bayer, mkemia wa Austria aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa St Petersburg nchini Urusi, hakuwa akitafuta njia ya kutengeneza sufuria wala ndege. Haja yake ilikuwa kuwapatia wenye viwanda vya nguo dawa ya kushikiza rangi kwenye pamba, na dawa hiyo ilitokana na alumini. Kati ya mwaka 1887 na 1892 alikamilisha njia ambayo hadi leo inabeba jina lake. Bauksaiti husagwa, kisha ikapikwa kwa shinikizo ndani ya magadi makali, yaani sodiamu haidroksidi. Alumini iliyomo huyeyuka ikaingia katika maji hayo ya magadi. Chuma na titaniamu havikubali kuyeyuka. Kilichoyeyuka huchujwa, kikapoozwa na kuachwa kigande, na mwisho hupatikana unga mweupe uitwao alumina. Kisichoyeyuka ndicho tope jekundu, na wekundu wake ni ule ule wa kutu. Mwaka 1886, Charles Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa walikuwa wamegundua, kila mmoja kivyake, namna ya kutoa metali katika unga huo kwa nguvu za umeme. Njia hizo mbili zikaoana, na ndoa yao haijavunjika hadi leo.

Kwa makadirio ya kawaida, tani nne hivi za bauksaiti hutoa tani mbili za alumina, na tani mbili za alumina hutoa tani moja ya alumini. Kila tani ya alumina huacha nyuma tani moja ya tope, wakati mwingine tani moja na nusu. Kwa hivyo sufuria yenye uzito wa kilo moja, ikiwa imetokana na metali mpya, imeacha kilo mbili au tatu za tope jekundu katika nchi fulani ambako mpishi wake hatafika maishani. Ulimwenguni kote viwanda huzalisha takribani tani milioni 180 za tope kila mwaka, na lililokwisha kurundikwa tangu enzi za Bayer limepita tani bilioni nne. Linalotumika kwa kazi yoyote ya maana ni asilimia chache tu.

Lililobaki hukaa nyuma ya kuta za udongo. Nchini Hungary, karibu na mji wa Ajka, ukuta mmoja wa namna hiyo ulipasuka mchana wa Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2010. Kiasi cha mita za ujazo milioni moja za tope na maji ya magadi kiliporomoka kuelekea bondeni, kikapita katika kijiji cha Kolontár na mji mdogo wa Devecser. Watu 10 walifariki, na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Wengi wa majeruhi hawakuumizwa na nguvu ya maji. Waliunguzwa ngozi na magadi, na baadhi yao walidhani wamelowa matope ya kawaida hadi vidonda vilipojitokeza baadaye. Viumbe vyote vya mto Marcal viliangamia. Serikali ilimwaga jasi na asidi ya siki mtoni ili kupunguza ukali wa maji kabla hayajaufikia mto Danube, na kwa kiasi kikubwa ikafaulu. Mwalimu wa kemia anayetafuta mfano wa asidi na besi kukutana nje ya maabara hatapata mwingine mkubwa kuliko huo, ijapokuwa ni mfano ambao mtu angetamani usingekuwapo.

Sasa tujiulize: ndani ya tope lile mlikuwa na nini? Mlikuwa na chuma kwanza. Oksidi ya chuma aghalabu ni kati ya asilimia 30 na 60 ya tope likishakauka. Mna alumini iliyoponyoka chujio, mna titaniamu, mna sodiamu iliyonunuliwa kwa fedha ikaja kutupwa, na mna chembechembe za metali adimu kama vile skandiamu. Lau mlima wa namna hiyo ungegunduliwa chini ya ardhi mahali fulani, huenda makampuni yangeng'ang'ania leseni ya kuuchimba. Lakini kwa kuwa umetoka kiwandani ukiwa umelowa magadi, unaitwa taka.

Haifai kuwadhulumu wahandisi. Ziko sababu za kweli zinazofanya kazi hiyo iwe ngumu. Chembe za tope ni laini mno, hushika maji kama sifongo na kukauka kwa shida. Magadi yaliyomo huharibu tanuri za chuma. Chuma chenyewe, ijapokuwa ni kingi, kimechanganyika na mchanga na titaniamu, na hakifikii ubora wa mawe ya chuma yanayochimbwa Australia au Brazil kwa bei nafuu. Mwenye kiwanda akipiga hesabu, huona kwamba kulimwaga tope bondeni kunamgharimu kidogo, na kulitumia kunamgharimu zaidi ya faida atakayopata. Hesabu yake ni sahihi. Kasoro yake ni kwamba haina safu ya watu wa Kolontár.

Kisa cha Gardanne, kusini mwa Ufaransa, kinaonyesha yanayotokea safu hiyo inapoongezwa. Kiwanda cha mji huo kilianza mwaka 1893, na ndicho cha kwanza duniani kuitumia njia ya Bayer kwa kiwango cha kibiashara. Kuanzia miaka ya 1960, tope lake lilisukumwa kwa bomba refu hadi pwani, likateremshwa chini ya bahari ya Mediterania na kumwagwa katika bonde la kilindini, zaidi ya mita 300 chini ya mawimbi. Halikuonekana, na kisichoonekana hakimkeri mtu. Wavuvi na watetezi wa mazingira walilalamika kwa miongo kadhaa. Hatimaye Ufaransa, ikibanwa na mkataba wa kuilinda Mediterania, ilijifunga kwamba umwagaji wa tope ungekoma kufikia mwisho wa mwaka 2015.

Angalia yaliyofuata. Kiwanda ambacho kwa miaka 50 hivi hakikuona njia nyingine kilinunua mashinikizo makubwa ya kuchujia, ambayo hulikamua tope hadi likawa kama udongo mkavu wa kubebeka kwa lori. Likishakauka hivyo, tope likapewa jina la kibiashara na kuanza kutafutiwa wateja: wa kufunikia majaa ya taka, wa kujengea barabara, wa kuchanganyia vifaa vya ujenzi. Mashinikizo hayo hayakuwa uvumbuzi wa jana. Viwanda vingine vilikuwa tayari vinayatumia, vikiwamo vya Ugiriki ambako nako tope lilikuwa likimwagwa baharini. Kilichokuwa kipya Gardanne ni tarehe ya mwisho. Sisemi kwamba matatizo yaliisha. Maji yaliyochujwa yaliendelea kuingia baharini kwa kibali maalumu, jambo lililowaghadhibisha wengi, na wakazi wa karibu na mahali lilipohifadhiwa tope kavu walilalamikia vumbi jekundu. Lakini kati ya tope lililo kilindini na tope lililo ghalani, ni lile la ghalani pekee ambalo mtu aweza kulitafutia kazi.

Kazi kubwa iliyopatikana hadi sasa ni ya saruji. Saruji ya kawaida huhitaji chokaa, mchanga, alumini kidogo na chuma kidogo, na tope jekundu lina hivi viwili vya mwisho. Nchini India, kampuni ya Hindalco imekuwa ikipeleka tope lake katika viwanda vya saruji, likachukua nafasi ya sehemu ya malighafi zilizokuwa zikichimbwa. Kiasi kinachoingia katika kila tani ya saruji ni kidogo, kwa sababu magadi yakizidi huiharibu saruji. Hata hivyo saruji ni bidhaa inayotengenezwa kwa mabilioni ya tani, na kidogo mara bilioni si kidogo tena. Shida yake ni usafiri. Tope ni zito na bei yake ni duni, hivyo kiwanda cha saruji kikiwa mbali, nauli huimeza faida yote.

Ipo habari nyingine iliyowasisimua wataalamu. Mnamo Januari 2024, watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Düsseldorf, Ujerumani, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lao la kuyeyusha tope jekundu kwa tanuri ya umeme yenye hewa ya haidrojeni. Kwa kawaida chuma hutolewa katika mawe kwa makaa, na makaa hutoa hewa ya kaboni inayoipasha dunia joto. Haidrojeni huipora oksidi ya chuma oksijeni yake na kuigeuza maji. Katika muda wa dakika 10 hivi, chuma kiliyeyuka na kujitenga na mabaki mengine kikiwa safi kiasi cha kufaa kutengenezea chuma cha pua na cha ujenzi moja kwa moja. Watafiti hao walikadiria kwamba marundo yaliyopo ulimwenguni yaweza kutoa tani milioni 700 za chuma. Hizo ni habari njema, ila msomaji asisahau kwamba jaribio lilifanywa kwa gramu chache ndani ya maabara, na kwamba umeme na haidrojeni visivyochafua hewa havijawa rahisi. Kutoka gramu hadi tani ni safari ndefu, na teknolojia nyingi hufia njiani kabla ya kuimaliza.

Upande wa metali adimu nao una mvuto wake. Skandiamu ikitiwa kidogo katika alumini huipa nguvu kubwa bila kuiongezea uzito, na kwa hivyo hutamaniwa na watengenezaji wa ndege. Watafiti wa Ugiriki, kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, wamejaribu kuitoa katika tope la huko kwao. Nayo galiamu, inayotumika katika taa za kisasa na vifaa vya elektroniki, hujikusanya katika yale maji ya magadi yanayozunguka kiwandani, na humo ndimo inamotolewa karibu yote inayouzwa duniani. Viwanda vingi havikujishughulisha nayo kwa kuwa China iliuza kwa bei ya chini. Mwaka 2023 China ilipoweka masharti ya kuuza galiamu nje, nchi nyingine zikazinduka na kukumbuka kwamba nazo zilikuwa zikiiacha ipotee katika mabaki yao. Usitupe mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga, na msala huo ulipita kweli.

Hapa suala linalihusu bara letu moja kwa moja. Guinea ina akiba kubwa ya bauksaiti kushinda nchi yoyote, lakini sehemu kubwa mno hupakiwa melini ikiwa mawe tu. Kiwanda cha Fria, kilichoanza mwaka 1960, ndicho cha kwanza barani Afrika kutengeneza alumina, na kimepitia misukosuko mingi, ikiwamo kufungwa mwaka 2012 kisha kufunguliwa tena miaka kadhaa baadaye. Tangu mwaka 2022 serikali ya Guinea imekuwa ikiyashinikiza makampuni yajenge viwanda vya alumina nchini humo badala ya kusafirisha mawe. Ni dai la haki. Lakini mtupa jongoo hutupa na mti wake, na vivyo hivyo anayemkaribisha jongoo ndani ajue kwamba mti unaingia pamoja naye: kiwanda kikijengwa, tope litabaki nyumbani. Malawi nayo ina bauksaiti juu ya mlima Mulanje, mlima ambao ni chanzo cha mito na makao ya mierezi isiyopatikana kwingineko. Mataifa haya yakiandika mikataba bila kutaja tope ni la nani na litafanywa nini, yatakuwa yameyanunua yaliyowapata watu wa Ajka kwa hiari yao.

Msomaji wa Kenya aweza kusema kwamba hayo ni ya mbali, kwa maana hatuna kiwanda cha alumina. Ni kweli hatuna. Tunayo, hata hivyo, taka ya pili ya alumini, na hii imo mitaani mwetu.

Alumini nyingi inayoyeyushwa hapa nchini ni ile iliyokwisha kutumika: vyuma vya injini, fremu za madirisha, mikebe, sufuria zilizotoboka. Kuitumia tena ni jambo la busara kubwa, kwani kuyeyusha alumini kuukuu huhitaji takribani asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kutoa alumini mpya katika bauksaiti. Karakana za jua kali kuanzia Nairobi hadi Mombasa na Kisumu zinalijua hilo kwa vitendo. Fundi huwasha tanuri, huyeyusha metali ndani ya chungu, kisha huisubu kwenye kalibu ya mchanga. Kabla ya kuimimina, huuengua utando mzito wa kijivu unaoelea juu. Utando huo ni jamii ya kile ambacho wahunzi wetu tangu jadi wamekiita mavi ya chuma.

Jina hilo linaudhalilisha bure. Alumini inapogusana na hewa hujivika ngozi nyembamba ya oksidi, na ikiwa moto ngozi hiyo huongezeka. Kijiko kinapouengua utando, hubeba ngozi pamoja na matone ya metali safi yaliyonaswa ndani yake. Utando uliotoka tanurini hivi punde waweza kuwa na metali nusu nzima, na hata zaidi. Viwanda vikubwa huukamua ungali moto, au huutia katika tanuri inayozunguka pamoja na chumvi ya kawaida na chumvi ya potasiamu. Chumvi ikiyeyuka huivua ile ngozi, matone yakakutana, na metali ikatuama chini. Kwa njia hiyo karibu metali yote hupatikana.

Kinachobaki ni mabonge ya chumvi yaliyochanganyika na oksidi, na hapo ndipo hatari ilipo. Katika joto la tanuri alumini hushikana pia na naitrojeni ya hewani. Bonge hilo likinyeshewa, naitrojeni hiyo hutoka ikiwa amonia, ile hewa yenye harufu ya mkojo uliochacha, inayochoma macho na koo. Pamoja nayo hutoka haidrojeni na methani, ambazo huwaka. Mabonge hayo yakikaa pakavu hayana neno. Yakitupwa kwenye shimo wakati wa masika huwa kitu kingine kabisa, na chumvi yake hupenya hadi kwenye visima.

Katika nchi nyingi za Ulaya Magharibi hairuhusiwi kuyazika mabonge hayo. Kwa sababu hiyo vimejengwa viwanda maalumu ambavyo huyasaga, huyachuja vipande vya metali vilivyosalia, huiyeyusha chumvi kwa maji na kuzidhibiti hewa zinazotoka. Maji huchemshwa, chumvi ikagandishwa na kurudishwa tanurini kuanza kazi upya. Oksidi iliyobaki huuzwa kwa watengenezaji wa saruji na wa pamba ya mawe inayotumiwa kuzuia joto majumbani. Hakuna kitendo hata kimoja hapo ambacho mwanafunzi wa kidato cha kwanza hakukisoma: kusaga, kuchuja, kuyeyusha, kugandisha.

Huko Marekani, ambako kuyazika kuliruhusiwa, mambo yalikwenda kombo. Jaa moja katika kaunti ya Stark, jimbo la Ohio, lilipokea kwa miaka mingi mabaki ya viwanda vya alumini pamoja na taka za kawaida. Maji machafu yaliyotiririka kutoka kwenye taka yalikusanywa na kurudishwa juu ya rundo, utaratibu uliodhaniwa kuwa mzuri kwa uozaji. Maji yakakutana na alumini. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 joto lilikuwa limepanda chini ya ardhi, uvundo ukawafukuza watu vibarazani mwao, na mwaka 2007 mamlaka ya mazingira ya jimbo hilo ikalazimika kutoa amri kali kwa wenye jaa. Wakemia wa Ohio hawakuwa na elimu pungufu kuliko wa Ujerumani. Sheria ndizo zilizotofautiana, na kwa hivyo bei ya kutupa ikatofautiana.

Kwa hapa kwetu, sitaki nieleweke kwamba kila anayeokoa metali katika taka anastahili kupigiwa makofi. Tunayo kumbukumbu ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kiliwaachia wakazi sumu katika damu ya watoto wao. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha mnamo Desemba 2024. Kile nacho kilikuwa kiwanda cha kuokoa mali katika taka, tena mali iliyouzwa kwa faida. Gharama ndiyo iliyoachwa vitongojini. Risasi hiyo hiyo huingia katika sufuria za kusubu iwapo fundi hakutenga vipande vya metali alivyonunua. Mwaka 2014 watafiti walipima sufuria za namna hiyo nchini Cameroon wakakuta zikitoa risasi katika chakula, na walipouendeleza uchunguzi hadi nchi kumi mwaka 2017, takribani theluthi ya vyombo walivyovipima vilikuwa na kasoro hiyo.

Fundi hana hatia ya pekee katika hili. Hana kipimo cha kumjulisha kilichomo katika chungu chake, na utando anaouengua hana pa kuuza ila kwa bei ya kutupa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka msingi mzuri kwa kumtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya kuitoa mikononi mwake. Bado sheria hiyo inahitaji kuteremshwa hadi kwenye tanuri. Kinachohitajika ni vituo vichache ambako mafundi wa eneo zima wangepeleka utando wao ukiwa mkavu, ukapimwa na kulipiwa kwa metali iliyomo, na mabonge ya chumvi yakahifadhiwa chini ya paa badala ya kumwagwa kando ya mto. Gharama yake yapaswa kubebwa na viwanda vikubwa vinavyoingiza na kuuza alumini, si na fundi wa sufuria wala na jirani wa shimo. Kuna watakaosema kwamba bei ya sufuria itapanda. Itapanda kidogo, naam, kwa kuwa sehemu ya bei hiyo hadi sasa imekuwa ikilipwa na mtu asiyeinunua.

Nawarudia walimu, kwa sababu suala hili liko mikononi mwao kabla halijafika bungeni. Mchoro wa alumini usiachwe ukatike pambizoni. Mwanafunzi apewe hesabu kama hii: tani moja ya tope kavu ina asilimia 40 ya oksidi ya chuma, je, mna kilo ngapi za chuma? Kwa kuwa katika kila gramu 160 za oksidi hiyo mna gramu 112 za chuma, atapata kilo 280. Baada ya hapo apewe bei ya chuma, nauli ya lori hadi kiwandani na gharama ya nishati ya kuyeyushia, aone kama mwenye tope atapata faida au hasara. Akiona hasara, aambiwe aongeze ada ya kutupa tani moja, kwanza shilingi 100, kisha 1,000, kisha 5,000, aendelee hivyo hivyo hadi jibu libadilike, na aandike ada iliyolibadilisha. Darasa lisiloweza kukubaliana juu ya ada hiyo litakuwa limefika mahali ambapo hata wabunge na wenye viwanda hawajakubaliana, na mwalimu asiwe na haraka ya kuwapa jibu.